Baba, chukua kalamu

London,
16 Januari 2022

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi mzima. Kile kikohozi kimekwisha na vipimo viwili vya mwisho vimetoka safi, kwa hiyo Mama, lala usingizi. Zuhura, naomba barua hii umsomee Baba, tena saa ambayo Baba Mdogo hayupo, maana ninavyomjua atakukatiza kila mstari. Baba akishamaliza, mpe na yeye aisome.

Najua mnanidai jibu. Tangu mwisho wa Novemba Zuhura ameniuliza mara tatu kwa ujumbe wa sauti: "Wewe uko maabara huko, tuambie, hii korona ya aina mpya, Omicron, ni kali au si kali?" Kila mara nikajibu "subirini kidogo", mpaka mara ya tatu nikamsikia Baba Mdogo kwa nyuma akisema, "Huyo naye hajui." Kweli sikujua. Lakini nilinyamaza pia kwa sababu ya deni la zamani.

Mnakumbuka Desemba 2020, ilipotangazwa aina mpya iliyoonekana kusini-mashariki mwa Uingereza, ile iliyokuja kuitwa Alpha. Serikali hapa ilisema inaambukiza haraka zaidi, ila hakuna ushahidi kwamba inaua zaidi. Siku ileile nikawaandikia: "Haiui zaidi, msiogope." Baba, wewe uliyetufundisha kusoma swali mara mbili, umeona nilichofanya. Wao walisema hawajaona ushahidi. Mimi nikasema jambo halipo. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 22 Januari 2021, walirudi mbele ya kamera. Patrick Vallance, mshauri mkuu wa sayansi wa serikali, akatoa mfano wa wanaume wenye miaka sitini na kitu: wakiambukizwa 1,000, kirusi cha zamani kingeua kama 10, hiki kipya huenda kikaua 13 au 14. Alisema takwimu zenyewe bado hazijatulia. Nilisikia habari hiyo nikiwa kwenye treni, naenda zamu ya usiku, na jambo la kwanza lililonijia ni ule ujumbe wangu. Sikuwahi kuwaandikia kuusahihisha. Naona aibu mpaka leo, ndiyo maana safari hii nimewachelewesha wiki saba.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu na nisichoweza kukiona.

Kipimo tunachotumia maabara kwetu hutafuta vipande vitatu vya vinasaba vya kirusi, na kila kipande kina mstari wake kwenye kompyuta. Mstari huwa umelala chini. Mashine inapandisha joto na kulishusha, mzunguko baada ya mzunguko, na kama kirusi kimo kwenye sampuli mstari unanyanyuka ghafla na kupinda kama shingo ya bata. Delta, aina iliyotawala kabla ya Omicron, ilikuwa inanyanyua mistari yote mitatu. Omicron imebadilika mahali fulani kiasi kwamba kipande kimoja, kinachoitwa S, hakisomeki: mistari miwili inapanda, wa tatu unabaki umelala. Kwa hiyo hata kabla ya kusoma vinasaba vyote, kazi ya siku kadhaa, unaweza kuhisi ni nani huyu aliyeingia.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Desemba niliona sampuli mbili za namna hiyo. Zamu iliyofuata, tisa. Zilipopita wiki mbili tukaacha kuhesabu zenye mistari miwili, tukawa tunahesabu zenye mitatu, maana hizo ndizo zilizokuwa chache.

Kuenea kwake, basi, nilikuona. Ukali haumo kwenye ule mstari. Sampuli ya mtu atakayekufa na ya mtu atakayepiga chafya siku mbili akapona zinapanda sawasawa, na mimi ninayezishika siwezi kukuambia ipi ni ipi. Hilo hujulikana wodini, na wodi hujibu kwa kuchelewa.

Hapo ndipo nakuomba, Baba, uchukue kalamu. Zuhura, msomee polepole.

Tuseme kirusi kipya kinaua mtu mmoja katika kila 100 wanaoambukizwa, na anayekufa hufa siku 21 baada ya kupimwa. Tuseme wagonjwa wapya wanaongezeka maradufu kila siku tatu, jambo ambalo si la kubuni, maana hapa Desemba walikuwa wanaongezeka hivyo kila siku mbili au tatu. Siku ya kwanza wamepatikana 100. Siku 21 zina maradufu saba: 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400, 12,800. Siku hiyo ya wagonjwa 12,800, nani anakufa? Anakufa yule mmoja wa wale 100 wa mwanzo. Mwandishi wa habari anachukua karatasi ya siku hiyo, anaona wagonjwa 12,800 na kifo kimoja, anaandika kwamba ugonjwa huu ni mwepesi mno. Kirusi hakijapunguza kitu. Vifo viko njiani tu. Na kadiri kinavyokwenda kasi, ndivyo kinavyoonekana kipole zaidi.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilirudia hesabu mara mbili, nikidhani nimekosea.

Mnaweza kusema: basi tusubiri siku 21, halafu tuhesabu. Lakini hata ukisubiri, kuna swali la nani aliyehesabiwa. Wanaopimwa ni wachache kuliko wanaougua, na wimbi likiwa kubwa vipimo vinakosekana kabisa, kwa hiyo idadi ya chini ya mstari wa sehemu, ile ya kugawia, inakuwa ndogo kuliko kweli na ugonjwa unaonekana mkali kuliko ulivyo. Upande wa pili, kila anayelazwa hupimwa. Mtu amevunjika mguu, analetwa, anapimwa, anakutwa na Omicron ambayo wala hakuisikia. Kwenye takwimu za asubuhi huyo ni mgonjwa wa korona hospitalini. Makosa mengine yanavuta huku, mengine kule, wala hayafutani yenyewe.

Mlisikia habari njema kwanza kutoka Afrika Kusini, na mimi nilizisikia hukohuko. Wanasayansi wa kule walitangaza kirusi hiki tarehe 25 Novemba, kesho yake Shirika la Afya Duniani likakipa jina. Niseme kidogo: wale watu walifanya kazi yao haraka na kwa uwazi, na malipo yao yalikuwa Uingereza kutangaza, usiku uleule wa tarehe 25, kwamba inafunga milango kwa Afrika Kusini na jirani zake watano. Kufikia tarehe 15 Desemba orodha ile ya nchi zilizofungiwa ikawa imefutwa, kwa sababu London yenyewe ilikuwa imejaa Omicron. Linaniuma, lakini siyo leo.

Daktari Angelique Coetzee wa Pretoria alieleza kwamba wagonjwa wake walikuwa na uchovu na maumivu ya kichwa, si wa kukosa pumzi. Alisema kweli kuhusu wagonjwa aliowaona, wengi wao vijana. Tatizo ni sisi tuliochukua maneno ya kliniki moja tukayavisha dunia nzima. Nusu ya watu wa Afrika Kusini hawajafika hata miaka 30. Na wengi wao walikuwa wamekwisha kuugua katika mawimbi yaliyotangulia, wengine wamechanjwa. Mwili uliowahi kupigana na kirusi hiki unakijua. Kwa hiyo ukiona wagonjwa wa sasa wanapona upesi, hujajua bado kama kilichobadilika ni kirusi chenyewe au ni miili inayokipokea.

Baba Mdogo anasema virusi vyote hulegea kadiri vinavyoenea, eti kwa kuwa kikimuua mwenyeji wake nacho kinakufa. Ni maneno matamu, nami niliwahi kuyaamini. Lakini hiki humwambukiza mtu wa pili siku za mwanzo kabisa, hata kabla wa kwanza hajajua kwamba anaumwa. Akija kufa wiki ya tatu, kirusi kimeshahama zamani, hakina hasara. Alpha ilikuja ikawa kali kuliko iliyotangulia. Delta ikaja ikalaza watu hospitalini zaidi ya Alpha. Kama kulegea ndiyo sheria, hao wawili hawakuambiwa. Tena Omicron si mtoto wa Delta. Imechipuka kwenye tawi jingine la zamani, kwa hiyo hakuna anayeweza kuahidi kwamba ijayo itachipuka kwenye hii.

Haya, jibu lenyewe.

Katikati ya Desemba maabara ya Chuo Kikuu cha Hong Kong ilitangaza kwamba kwenye vipande vya njia za hewa Omicron huzaliana kama mara 70 haraka kuliko Delta, lakini ndani ya nyama ya mapafu huzaliana polepole kuliko hata kirusi cha mwanzo. Hiyo inaeleza mengi: koo linawasha, watu wanaambukizana, mapafu yanaponea. Tarehe 22 Desemba, Imperial College hapa London wakasema aliyepata Omicron ana uwezekano pungufu kwa asilimia 40 hadi 45 wa kulazwa usiku mmoja au zaidi, akilinganishwa na aliyepata Delta. Mwisho wa mwaka mamlaka ya afya ya hapa ikaja na upungufu mkubwa zaidi: hatari ya kulazwa ni kama theluthi moja tu ya ile ya Delta. Watu wamelinganishwa umri kwa umri na chanjo kwa chanjo, na zile siku za kusubiri zimepita. Kwa hiyo ndiyo, Zuhura, ni pungufu ya Delta. Hapo Baba Mdogo amepata alama zake.

Ila kwenye ripoti ileile ya Imperial kuna sehemu ambayo haikufika kwenye vichwa vya habari. Wakimtazama mtu ambaye hajachanjwa na hajawahi kuugua, upungufu unabaki kama sehemu moja ya kumi. Wepesi mwingi tunaousifu umo kwenye miili iliyotayarishwa, si kwenye kirusi. Tena ni pungufu ya Delta, ambayo yenyewe ilikuwa mbaya kuliko zote. Tarehe 6 mwezi huu Dk Tedros wa Shirika la Afya Duniani alisema wazi kwamba isiitwe hafifu, kwamba inalaza watu na inaua.

Na hospitali haihesabu asilimia, inahesabu vitanda. Kirusi chenye nusu ya ukali kikipata watu mara nne, vitanda vinavyohitajika ni mara mbili. Tarehe 4 Januari hapa vilitangazwa visa zaidi ya 200,000 kwa siku moja. Maabara kwetu tuko kumi na mmoja. Kuna usiku tulibaki wanne, waliobaki wako nyumbani na hiki "kisicho kikali". Nilifungua mirija mpaka vidole vikafa ganzi, na majibu yakachelewa siku mbili kwa watu waliokuwa wakisubiri kujua kama wawasogelee wazazi wao.

Baba, sasa ninalotaka kukuambia, nalisema nikiwa nimepiga magoti. Zuhura ameniambia umesema ungoje kwanza uone, kama hii ya sasa ni hafifu basi chanjo haina haraka. Una miaka 71, una kisukari, hujachanjwa, na kwa jinsi mlivyojifungia nyumbani miaka hii miwili sidhani kama kirusi hiki kimewahi kukufikia. Habari njema zote nilizoandika hapo juu zinawahusu watu wengine. Wewe uko kwenye lile kundi ambalo upungufu wake ni sehemu moja ya kumi tu. Hata ningetaka kukufariji, hesabu haikubali.

Sikuamuru. Mtoto hamwamuru baba yake. Nimeandika namba tu, na kwa namba sikumbuki siku uliyowahi kunionea. Pitia ile hesabu ya maradufu, halafu mwenyewe uirudie kwa kirusi kinachoongezeka maradufu kila siku mbili badala ya tatu, kifo kikija siku ya 20. Ukiona nimekosea mahali, sahihisha kwa wino mwekundu kama zamani, Zuhura apige picha anitumie. Na kwenye karatasi hiyohiyo, pembeni, niandikie tarehe utakayokwenda.

Mama, salamu zako za shemeji nimezipata. Wasalimieni wote.

Mwanenu,
Idrisa