Dawa ya fangasi ya chembe ndogo iwekwe Pemba

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Wete. Siku hizi wauza krimu za miguu wamelishika sana neno "nano", yaani dawa ya chembe ndogo mno, na watu wanadhani kazi yake ni fangasi za vidoleni tu. Kazi yake kubwa iko kwengine, na huko ndiko ninakotaka Wizara ya Afya itazame.

Mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana huweza kuvamiwa na fangasi iitwayo kriptokokasi, ikamfika ubongoni. Kichwa kinamuuma usiku na mchana, shingo inakaza, na asipotibiwa hufa. Wagonjwa hawa tulikuwa tukiwapa dawa ya fangasi iitwayo amfoterisini B kwa dripu, saa nyingi, siku baada ya siku. Wallahi dawa ile ilikuwa na mateso yake. Mgonjwa anatetemeka huku tumemrundikia mablanketi, homa inapanda, madini ya potasiamu yanashuka mwilini, figo zinachoka. Dawa hunasa kwenye mafuta ya utando wa fangasi, na mafuta ya seli zetu yamekaribiana nayo mno, ndiyo maana na sisi inatuumiza.

Wataalamu wakaichukua dawa ile ile wakaifunga ndani ya vijifuko vya mafuta visivyofika upana wa nanomita 100 (nanomita ni milimita moja igawanywe mara milioni). Ikiwa humo, figo hupata nafuu kubwa na fangasi bado inakufa. Marekani iliiruhusu mwaka 1997. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa huku huku Afrika, Malawi, Uganda na nchi nyengine tatu: dozi moja kubwa ya dawa hii ya vijifuko, pamoja na vidonge vya dawa nyengine za fangasi, flusitosini na flukonazoli, vya wiki mbili, haikuzidiwa na ile dripu ya siku saba. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Dozi moja, Mhariri! Ni miligramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 50 anatosheka na vichupa kumi vya miligramu 50. Aliyewahi kukesha zamu akitafuta mshipa mwengine kwenye mkono uliokwisha kuvimba atanielewa.

Naiomba Wizara ihakikishe vichupa hivyo, na flusitosini yake, vinakaa hospitali za Pemba wakati wote, visiwe vya kuagizwa Unguja mgonjwa keshazimia. Kusi likichafuka boti haziondoki, na maradhi haya hayasubiri bahari itulie.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba