Magurudumu ya kaboni kwa sisi wa kawaida?

Mhariri,

Siku hizi waendesha baiskeli hapa Nairobi stori ni magurudumu ya kaboni yenye rimu ndefu tu, yaani ule ukingo unaoshika tairi umeshuka sana kuelekea katikati ya gurudumu, eti yanakata upepo, na usipokuwa nayo unaonekana bado hujaanza. Jamani! Ni kweli kwenye tambarare upepo ndio adui, ukiongeza spidi maradufu nguvu inayokuzuia inakuwa mara nne, lakini sehemu kubwa ya huo upepo inagonga mwili wako wewe, sio gurudumu, kwa hiyo ukiinama kidogo, viwiko ndani, ukaacha lile koti linalopepea kama tanga, umeshapata zaidi ya wanachokuuzia. Wale wa Tour de France wanaenda kilomita 40 na kitu kwa saa, kwao sekunde ni pesa, sawa. Sisi tunaosimama kila matatu inaposhusha watu je? Halafu Kitengela kwenda Isinya upepo wa ubavuni ukivuma, rimu ya milimita 60 inakuvutia usukani upande wa malori, hilo dukani hawakwambii.

Kama hela ipo nunua tu, yanapendeza. Ila mimi ningeanza na tairi nzuri za upana wa milimita 28, tena zisizojazwa hadi zikawa jiwe.

Msomaji wenu,
Nairobi