Jiko jipya la peleti: siku ya kwanza usiweke nyama

Jumamosi jioni mteja wetu mmoja wa Njiro, hapa Arusha, katupigia simu kachukia, mbuzi ananuka mafuta ya mashine, wageni wameshakaa, ndizi zimeiva na nyama hailiki. Tukamuuliza boss, ulilichoma kwanza likiwa tupu? Kimya.

Jiko hili linatumia umeme na linachoma peleti, vile vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, na linatoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, vumbi la chuma na harufu ya rangi, na hivyo vyote lazima viungue kabla ya msosi. Ila hata kabla ya moto angalia umeme jamani. Majiko mengi tunayoletewa hapa yametoka Marekani kwenye kontena, ni ya volti 120, na ukutani kwetu ni 230, ukichomeka hivi hivi moshi wa kwanza utakaouona ni wa bodi, ile saketi inayoliendesha jiko, na bodi siyo kitu utaipata mjini hapa kesho yake. Soma kibati cha nyuma, kisha tafuta transfoma ya kushusha yenye nguvu, maana kile chuma cha kuwashia peke yake kinakula kama wati 200 mpaka 300.

Toa maplastiki yote, inua nyavu uangalie chini (tumeshakuta kitabu cha maelekezo kimeungua nusu), futa na kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha. Jaza peleti, washa, sasa hapa ndo simu zinaanza, "fundi, haliwaki!" Linawaka, subiri. Mle ndani kuna parafujo kama ya mashine ya kusaga nyama, ndo inasukuma peleti mpaka kwenye kikombe cha moto, na siku ya kwanza iko tupu kwahiyo inachukua dakika kadhaa. Utaona moshi mweupe mzito, majirani watachungulia, baadae unakuwa mwepesi. Hapo funga mfuniko, pandisha moto hadi 350 (ni Farenhaiti hiyo, kwetu kama 175), kaa nalo nusu saa, malizia na moto wa juu kabisa kama dakika 10, harufu ikiisha basi. Likipoa kidogo zipake nyavu mafuta ya kula.

Likigoma kuwaka kweli, usibonyeze tena na tena. Peleti zinajaa kwenye kikombe alafu zikishika zote kwa pamoja linalipuka puu, mfuniko unaruka. Zima, chomoa, acha lipoe, toa hilo tuta la peleti, ndo uanze upya. Umeme ukikatika katikati nayo ni hivyo hivyo.

Peleti zenyewe ziwe za kupikia, za mbao ngumu, siyo zile za paini za kuchochea moto, utomvu wake unaitia nyama uchungu. Na wakati wa masika usiziache kwenye jiko, zikinyonya unyevu zinavimba zinakuwa unga na parafujo inakwama, tunazitoa na bisibisi mpaka tunatukanana. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kuzima ni kwa kitufe, siyo kuchomoa ukutani, acha feni izunguke mpaka isimame yenyewe.

Yule wa Njiro tulimwendea Jumapili asubuhi, dakika 40 likawa safi. Mbuzi alinunua mwingine.