Sheria kali haifiki pale hongo inapozaliwa

Ndugu Mhariri,

Kila kashfa ya hongo inapoibuka serikalini, mwito unaofuata huwa ni ule ule: sheria ikazwe, kifungo kirefushwe, mali zitaifishwe. Siupingi mwito huo, kwani ofisa asiyeogopa sheria hana cha kumzuia. Ila naona tunaitwika sheria mzigo ambao haiwezi kuubeba peke yake.

Ugumu umo katika tendo lenyewe. Mwizi akiiba, aliyeibiwa hupiga kelele. Hongo haina wa kupiga kelele, kwa kuwa mtoaji na mpokeaji wote huondoka na walichokitaka, na katika nchi nyingi wote wawili wana hatia. Mtu aliyelazimika kutoa "kitu kidogo" ili apewe cheti ambacho ni haki yake, akienda kushtaki, anajishtaki mwenyewe. Mchumi wa India, Kaushik Basu, alipendekeza mwaka 2011 kwamba katika hongo za namna hiyo mtoaji asihesabiwe kosa, ili awe huru kumtaja aliyeipokea. Alipingwa vikali, na mimi pia nina hofu kwamba watu wangezoea kutoa bila haya. Hata hivyo hoja yake ilifichua jinsi sheria inavyoweza kuwafumba midomo mashahidi wale wale inaowahitaji.

Yaliyotokea Hong Kong yanafaa kukumbukwa. Kuanzia mwaka 1971 kulikuwa na sheria kali kwelikweli: mtumishi wa serikali aliyeishi maisha yasiyolingana na mshahara wake, akashindwa kueleza mali yake ilikotoka, alikuwa na kosa. Pamoja na hayo, mwaka 1973 ofisa wa ngazi ya juu wa polisi, Peter Godber, aliyekuwa akichunguzwa kwa utajiri wa zaidi ya dola milioni 4 za huko, alipanda ndege akatorokea Uingereza. Kifungu cha kumbana kilikuwapo. Tatizo ni kwamba kitengo cha kupambana na rushwa kilikuwa ndani ya jeshi la polisi lenyewe, yaani fisi alikabidhiwa bucha. Mwaka uliofuata iliundwa tume huru iliyowajibika moja kwa moja kwa gavana, na baadaye Godber akarudishwa na kufungwa.

Wengi huisifu tume hiyo kwa upelelezi wake. Mimi huvutiwa zaidi na idara yake isiyotajwa sana, ile iliyopewa kazi ya kupitia taratibu za ofisi za serikali na kuziba mianya kabla mtu hajaitumia. Huko ndiko hongo inakozaliwa: mbele ya ofisa mmoja mwenye mhuri, asiyebanwa na ukomo wa siku, asiyetakiwa kuandika sababu za kukataa, na ambaye akisema faili "halionekani" hakuna mwingine wa kulitafuta. Ofisa wa namna hiyo hahitaji kudai chochote. Anauza muda, na mwenye haraka atanunua. Hakimu atakayemhukumu yuko mbali, pengine miaka kadhaa mbele, lakini njoo-kesho iko pale pale dirishani.

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta zitamaliza haya. Zinasaidia, mradi tusisahau kwamba aliyekuwa akificha faili anaweza pia kusema mtandao haufanyi kazi. Kuongeza mishahara nako kunaweza kumpunguzia ofisa mdogo kishawishi, ingawa sioni kunavyomgusa mkubwa anayegawa zabuni za mabilioni, ambaye hajawahi kupokea hongo kwa sababu ya njaa. Kwa huyo, afadhali mikataba itangazwe hadharani na wakaguzi wasiteuliwe wala kufukuzwa na yeye wanayemkagua.

Kwa hiyo, muswada mwingine wa kuongeza adhabu utakapoletwa bungeni, ningeomba waandishi wenu wawaulize wanaouleta swali moja: ofisa akilikalia faili la mwananchi siku tisini, ni nani mwingine mwenye mamlaka ya kulichukua mezani kwake na kulimaliza?

Wako,
Msomaji wa siku nyingi