Programu hiyo msiiweke kwenye simu ya anayepigwa

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita vijana wawili wa chuo walikuja kibandani kwangu na kompyuta mpakato. Wanatengeneza programu ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa na waume zao, wakataka tuijaribu kwenye simu za bei ndogo nilizonazo mezani. Kazi nzuri. Ina kitufe cha dharura kinachotuma ujumbe kwa watu watatu na kuonyesha ulipo, ina sehemu ya kuhifadhi picha za majeraha, na kwa nje inaonekana kikokotoo tu. Ukiandika namba fulani ndipo mlango wa ndani unafunguka. Niliwaambia programu hiyo itamponza mtu. Wakanitazama kama mzee anayeogopa teknolojia, kwa hiyo naomba nafasi nieleze.

Nina miaka kumi na minne kwenye ufundi simu. Simu ya mke, mara nyingi, imenunuliwa na mume, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mume, na barua pepe iliyofunguliwa dukani siku ya kwanza ni ya mume. Maana yake ni kwamba mume akitaka anakwenda kurenew laini, anaweka kidole, na kuanzia hapo namba za siri zinazotumwa kwa meseji zinaingia kwake. Picha ya michubuko aliyojipiga mke akiwa bafuni inaweza kujihifadhi mtandaoni yenyewe na kutokea kwenye simu ya mume aliyekaa baa. Hili la picha lilimpata mteja wangu.

Alikuja asubuhi, akasema kuna kitu ndani ya simu kinamsemea. Nikafungua. Akaunti ya mume, na mahali alipo mke panaonekana saa zote. Nikamwambia nakiondoa sasa hivi, bure. Akanishika mkono.

"Usikitoe, fundi. Akiona kimetoka, leo silali ndani."

Wale vijana wanadhani hatari ni mume kugundua. Hawajawaza siku ambayo mume anayejua kila kitu ataacha kujua ghafla.

Halafu hicho kikokotoo. Simu tayari ina kikokotoo, hiki cha pili kinafanya nini? Kinakula bando, kinataka maikrofoni, kinataka kujua ulipo. Mume mwenye wivu huona mambo hayo kwenye mipangilio haraka kuliko mimi. Na wakishaitangaza redioni kwamba kuna programu inayojificha ndani ya kikokotoo, mume naye anasikiliza redio hiyo hiyo.

Sijitii utakatifu. Miaka ya nyuma mwanamume aliniletea simu ya mkewe, akanilipa 5,000 nimuunganishie WhatsApp ya mke huyo kwenye simu ya pili. Nilimuunganishia. Niliona ni mambo ya ndani ya watu, na siku hiyo kibanda kilikuwa kinadaiwa kodi. Siku hizi nawafukuza, lakini najua wanakwenda kibanda cha pili.

Wapo waliotangulia kwenye kazi hii. Marekani ilitengenezwa Aspire News App, iliyovaa sura ya programu ya habari. Mwaka 2020 wachunguzi wa usalama wa mtandao walikuta rekodi za sauti zaidi ya 4,000 za watu walioomba msaada kupitia humo, zimeachwa wazi mtandaoni, nyingine zikitaja majina na nyumba wanamoishi. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila sheria huja sauti ikishasikika.

Ombi langu kwa vijana hao, na kwa wengine wanaoshindania zawadi za ubunifu kila ikifika Novemba: wekeni programu kwenye simu ya anayesaidia. Nesi wa kliniki ya watoto, msusi, wakala wa pesa, msaidizi wa kisheria. Mwenyekiti wa mtaa pia, kwa kuchagua, maana wengine hunywa na huyo huyo mume. Hawa ndio mwanamke anaweza kukaa nao bila kuulizwa alikuwa wapi. Saa sita usiku wanahitaji kujua dawati la jinsia na watoto la kituo gani lina askari wa zamu, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inapatikana wapi, hospitali ipi ina kituo cha mkono kwa mkono, chenye huduma zote za aliyepigwa mahali pamoja, nyumba salama ipi ina kitanda leo. Hayo hubadilika kila siku, na bango la ukutani haliwezi kuyafuata. Waweke pia kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachosema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, ili asomewe kila atakayesema "hayo yamalizeni nyumbani".

Kwa mwanamke mwenyewe, ibaki ile menyu ya nyota na reli, bila bando, inayofanya kazi hata kwenye kitochi. Ianze na jambo la kawaida, tarehe za kliniki kwa mfano, na mwisho imkumbushe kuifuta namba, kwa sababu simu nyingi huibakiza kwenye orodha ya zilizopigwa.

Na kitufe? Nilikibonyeza mbele yao. Namba tatu walizoweka zilikuwa za wenzao wa chuo. Wa kwanza simu ilikuwa imezimwa. Wa pili alikuwa darasani, akaona baada ya saa moja. Wa tatu akajibu: "Nani mwenzangu?" Tulicheka wote, kisha mmoja akanyamaza, akafunga kompyuta. Wameahidi kurudi, na nimewatengea benchi Jumamosi wasikilize wateja wanaoleta simu za wake zao.

Yule mama simu yake bado inamsemea. Akitaka kuzungumza na watu wa msaada, ana mahali anapopigia simu. Mahali hapo sipataji, Mhariri. Mumewe husoma magazeti.

Fundi simu
(Jina na mji nimekuachia wewe)