Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakulima wa Pamba, Mpeketoni

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, nawasalimu.

Mwaka huu kamati ilikaa vikao sita, mbegu ziligawanywa, dawa ya funza wa vitumba ikanunuliwa kwa pamoja, na afisa wa kilimo alikuja mara mbili. Hayo mnayajua.

Nije kwenye uuzaji wa pamba yetu wa Novemba, maana hata kwenye mashine ya kusaga unga nasemwa. Inadaiwa niliharakisha, tungengoja serikali ituongezee juu ya bei kama wanavyofanyiwa wakulima wa Marekani. Hiyo ni nusu ya habari. Kweli, mwaka wa 2018 Marekani iliwawekea wakulima wake bei ya kutegemea, senti 36.7 za dola kwa ratili ya pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijatolewa mbegu. Soko likishuka chini ya bei iliyowekwa, serikali inajazia. Tena malipo huhesabiwa kwa ekari zilizoandikishwa zamani, apande pamba msimu huo asipande. Nchi hiyo ni kati ya wauzaji wakubwa wa pamba duniani, na bei ikianguka, anayeumia ni wewe wa jembe la mkono huku Hongwe.

Brazil iliishtaki Marekani kwa ruzuku hizo za pamba kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka wa 2002, ikashinda. Marekani ilifanyaje? Ilikubali kuwalipa Wabrazili dola milioni 147.3 kwa mwaka ili yenyewe iendelee na ruzuku zake, na mwaka wa 2014 ikafunga kesi kwa milioni 300 nyingine. Benin, Burkina Faso, Mali na Chad zimelalamika tangu 2003. Nani amewatumia hundi? Aliyesimama mkutanoni akasema kikao cha shirika hilo cha Nairobi, Desemba 2015, kilimaliza ruzuku, namheshimu, ila kilichokatazwa pale ni ruzuku ya kuuza nje. Malipo ya shambani yamebaki.

Sasa hiyo serikali ya kutujazia tungeingoja mpaka lini, na pamba iko ghalani? Vuli ilipoanza, bati la upande wa choo lilivuja. Mimi mwenyewe niliingiza mkono kwenye gunia la chini, nikakuta vuguvugu kama uji uliofunikwa, na mbegu tatu zimeshachipua ndani ya pamba. Magunia 11 yakawa fifi, yaani pamba ya daraja la chini. Mweka hazina ni shahidi. Jioni ile nikampigia mnunuzi, tukauza kwa bei aliyotoa. Kamati haikuwa imekaa, nakubali, lakini wajumbe wanne kati ya saba simu zao hazikupatikana, na mvua haingoji akidi. Hayo magunia 11 mnayonidai yangekuwa 60. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Na wanaodai ruzuku kwa sauti kubwa ndio hao hao wasiolipa ada. Daftari lina wanachama 186. Waliolipa ada ya Sh300 ni 41, yaani Sh12,300 kwa mwaka mzima. Kufuli na turubai vimekula Sh9,400, salio Sh2,900. Mkutano wa Agosti walikuja 33, na baadhi waliondoka baada ya chai. Chama ambacho hakijui nani ana ekari ngapi kitapeleka orodha gani siku ruzuku ikija? Hata mbolea ya bei nafuu ya serikali haipati asiyejiandikisha. Nimeomba vipimo vya mashamba tangu Januari. Nimeletewa 27, kimoja kimeandikwa nyuma ya kalenda.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuezeka ghala upya, kutafuta mnunuzi wa pili, na kuonana na wakubwa wa kaunti kuhusu bei. Safari tatu za Amu kwa jambo hilo nimeshafanya, nauli ya boti kutoka Mokowe nikitoa mfukoni mwangu. Sijarudishiwa. Risiti ziko kwa mweka hazina, ambaye leo atakaa mlangoni na kitabu cha ada kabla chai haijaletwa.