Vidonge vya shemeji

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana, magoti yamempoa tangu mvua zikatike. Habari za arusi ya Salma nimezipata na nimefurahi, ila leo zingoje. Jana Mama Rukia alipita dukani akaniambia shemeji ameacha vidonge vya lehemu, yale mafuta ya kwenye damu (kolesteroli), tangu Idi. Usiku sikupata usingizi.

Eti alipima, LDL, ile lehemu mbaya inayoziba mishipa, ikatoka 1.6 (mmol/L), akasema amepona. Mwanaidi, ile 1.6 ni kazi ya kidonge! Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwemo. Atorvastatini, hicho kidonge chake, inalibana ini lisitengeneze nyingi, nalo likipungukiwa linaivuta ile iliyomo kwenye damu. Akiacha kumeza, wiki chache tu kipimo kinapanda tena. Na kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo, madaktari wa moyo wa Ulaya tangu 2019 wanataka LDL ishuke chini ya 1.4. Kwa hiyo hata hapo alipofika, safari ilikuwa bado.

Najua atasema ana stenti, kile kibomba cha waya walichomwekea kwenye mshipa wa moyo. Stenti imezibua mshipa mmoja, tena mahali pamoja. Hiyo mingine nani ameigusa? Na sukari anayo juu yake.

Hili linaniuma kwa sababu naliona kila mwezi hapa kaunta ya duka la dawa. Mzee anakuja na cheti chake, anazihesabu noti, anavuta paketi ya presha, anavuta ya sukari, ile ya lehemu anaisukuma kwa kidole inarudi upande wangu. "Hii acha kwanza, mwanangu, sisikii kitu." Ndiyo, hasikii kitu. Lehemu haiumi, haiwashi, haileti kizunguzungu. Wengi huijua siku kifua kinapobana.

Mwambie shemeji habari hii, maana anapenda hesabu. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia, wagonjwa 4,444, wote watu wa moyo kama yeye. Nusu walipewa simvastatini, ndugu ya hiyo atorvastatini yake, nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa miaka mitano na zaidi. Kwenye vidonge vitupu walikufa 256, kwenye simvastatini 182. Hao waliobaki hai ni waume za watu, Mwanaidi.

Mama Rukia kasema pia mapaja yanamuuma shemeji. Hilo silipuuzi, na wewe usilipuuze. Misuli ikimuuma sana, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Ila maumivu mengi hayafiki huko. Uingereza waliwachukua watu 60 walioacha statini, yaani dawa za jamii hii, kwa sababu ya madhara kama hayo, wakawapa miezi mingine dawa, miezi mingine vidonge vitupu, miezi mingine wasimeze chochote. Karibu asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye dawa waliupata kwenye vidonge vitupu vilevile. Maumivu yalikuwepo kweli, ila si dawa iliyoyaleta yote. Nusu yao wakarudi kumeza. Daktari anaweza kumpunguzia dozi, kumhamishia statini nyingine kama rosuvastatini, au kumwongezea ezetimibe, kidonge kingine cha kushusha lehemu. Njia zipo. Kukata mwenyewe nyumbani ndiyo isiwe njia.

Na ile chupa ya Hamadi ya kitunguu saumu, ndimu na tangawizi... mimi na Hamadi tutaonana arusini. Saumu ni nzuri kwenye mchuzi, lakini kazi ya atorvastatini haiwezi. Kama shemeji anataka cha asili, mwambie statini ya kwanza Akira Endo aliipata Japani mwaka 1973 kutoka kwenye kuvu ya jamii moja na ile ya penisilini.

Nisaidie jambo moja: nipigie picha ya kadi yake ya kliniki na paketi aliyobakiwa nayo, unitumie. Zungumza naye baada ya chakula, asiwepo mtu. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyekutuma.

Sasa nijibu. Aliacha vyote, au aspirini bado anameza? Atorvastatini alikuwa kwenye miligramu 40 au 80? Kliniki ni lini, na nani humpeleka? Kuna dawa nyingine aliyoanzishwa karibuni, hata ya kifua? Au ni pesa, anaona haya kusema? Kama ni pesa niambie bila kuficha, za kampuni nyingine zenye dawa ileile zipo kwa bei nafuu, namtuma kijana wa basi Jumatano.

Na kanga za Salma unataka doti ngapi?

Wako,
Zuhura